Kamyo ikinuka, nani anasimamisha?

Walimaji wa uwanda wa Ruzizi wanaijua Ngomo bila kuelezwa. Ukitoka Kamanyola kwenda Bukavu kupitia Nyangezi, barabara inashikamana na mlima: mkono mmoja mwamba, mkono mwingine bonde. Kamyo zinapanda pale na tomati, mchele na muhogo, zinashuka na mbolea, chumvi, sabuni na watu. Ziwa Tanganyika kule Uvira liko mita 770 hivi juu ya bahari, Bukavu iko karibu mita 1500. Tofauti hiyo yote, motere njo inaipanda na freni njo zinaishuka.

Siku moja ya soko tulikuwa tunarudi uwandani na kamyo ya koperative moja. Sisi wa karatasi hii tulikaa mbele pamoja na shofere. Nyuma, juu ya mifuko ya mbolea, walikaa mama wane ambao waliuza tomati zao asubuhi, pamoja na motaboyi. Tulikuwa tumeanza kushuka Ngomo wakati mama mmoja alianza kugonga juu ya kabini na kiganja.

"Papa shofere! Kuko kitu inaungua!"

Shofere alitoa kichwa dirishani. "Ni freni, mama. Ngomo inanukaka vile kila siku."

Tulicheka kidogo, tunakiri. Na sisi tulikuwa tumesikia ile harufu, lakini kwa sababu shofere hakushtuka, hatukushtuka. Mama aligonga tena, safari hii kwa ngumi.

"Hapana! Kila siku inanukaka pande zote. Leo inatoka huku kwa kushoto, nyuma!"

Hilo neno la kushoto njo lilimfanya shofere anyamaze. Alitafuta mahali barabara inapanuka, akasimama, motaboyi akaruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tulizunguka kamyo wote pamoja. Shofere alipeleka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Tatu zilikuwa na joto la kawaida. La nyuma kushoto, mkono haukuweza kukaribia, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka ndani. Motaboyi alikimbia na bidoni ya maji ili amwagie. Shofere akamzuia kwa sauti kubwa, na tutasema mbele kwa nini.

Tulingoja zaidi ya saa moja. Kisha tukashuka polepole sana, giza likatukuta njiani, na mbolea ililala kando ya barabara na walinzi wawili ambao koperative ililazimika kuwalipa. Kesho yake mekanisye alifungua gurudumu. Freni ya upande ule ilikuwa imekwama: shofere akiachilia pedali, yenyewe hairudi. Ilikuwa inasugua tangu Bukavu. Ngozi ya freni ilikuwa imeungua mpaka inang'aa kama kioo, na mafuta ya freni yalikuwa meusi kama kahawa. Tulimuuliza kama tungefika chini. Hakujibu, alitupatia tu ile ngozi tuishike mkononi.

Mutu angefikiri kwamba yule mama alipigiwa makofi kwenye mkutano. Haikuwa vile. Wanamemba wengine walikasirika juu ya pesa ya walinzi. Mzee mmoja alisema: "Leo mama anasimamisha kamyo, kesho mtoto atasimamisha, kesho kutwa hatufiki tena sokoni." Neno lake halikuwa la kijinga. Tomati haingojeaki mutu, na kamyo inayosimama kila mara ni hasara. Kwa hiyo tuliomba komite iite mekanisye wawili na mashofere kadhaa wa njia ile, tukae nao chini ya mwembe, watufundishe harufu moja moja inasema nini. Maneno yafuatayo tuliyapata pale, na mengine tuliyajua mbele.

Tuanze na freni yenyewe, kwa sababu ndiyo inaua. Harufu yake ni kali, inachoma pua, haifanani na moshi wa kuni. Freni inafanya kazi kwa kusugua, na kusugua kunazaa joto, hakuna namna nyingine. Kamyo yenye mzigo ikishuka mlima mrefu, magurudumu yote yanapata joto na yote yananuka. Hapo shofere alikuwa na haki: Ngomo inanukaka. Lakini kawaida yake si sababu ya kuendelea. Harufu ya pande zote inasema: unashuka mbio, ao uko na vitesi kubwa mno, simama upumzishe. Mashofere wazee wako na sheria yao: vitesi uliyopandia mlima, njo hiyohiyo ya kushukia. Motere inaishika kamyo, freni zinasaidia tu.

Kuko mashofere wanaotoa vitesi kabisa kwenye mteremko, kamyo ikimbie yenyewe, eti wanaokoa mazutu. Tuseme wazi kwamba hakuna kinachookolewa. Motere ya mazutu, vitesi ikiwa ndani na mguu ukiwa umetoka kwenye akseleratere, inakula kidogo sana. Na yule aliyetoa vitesi amebaki na freni peke yake, bila msaada.

Halafu kuna mafuta ya freni, ambayo watu wengi hawayafikirii. Kwa kamyo ndogo za freni ya mafuta, pedali inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma freni. Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, mwaka kwa mwaka, hata ndani ya chupa iliyofunguliwa na kusahauliwa chini ya kiti. Kwenye kopo utaona imeandikwa DOT 3 ao DOT 4. DOT 4 mpya haichemki mbele ya digri 230. Ikiisha kunywa maji, inaweza kuchemka tangu digri 155. Freni ya Ngomo inafika pale bila shida. Mafuta yakichemka yanafanya povu, na povu halisukumi kitu: pedali inazama mpaka chini kama mguu ndani ya matope. Kwa hiyo mekanisye wanasema yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama hayajapunguka. Na musitie hata mara moja mafuta ya motere ndani ya kikopo cha freni. Yanavimbisha mipira yote ya ndani, na freni zote zinaharibika.

Harufu ikitoka upande mmoja, kama siku yetu, ni jambo lingine kabisa. Gurudumu moja likiwa na joto na mengine yakiwa sawa, freni imekwama pale, ao rulma imeanza kufa. Rulma ikifa, gurudumu linaweza kutoka. Hapo hakuna kupumzika kidogo halafu kuendelea mbio kama kawaida. Mgongo wa mkono, karibu bila kugusa, njo kipimo kizuri, na hakina bei. Juu ya maji: chuma cha freni chenye moto mkali kikimwagiwa maji baridi kinapasuka, ao kinajikunja. Ndiyo sababu shofere alipiga kelele. Kiache kipoe na hewa.

Watu wanachanganya harufu ya freni na harufu ya ambriyaji, na hatushangai, maana zote mbili ni vitu vinavyosuguliwa. Lakini ambriyaji inanuka zaidi wakati wa kupanda, na harufu inatoka chini ya kabini, si kwenye magurudumu. Inafanana na karatasi nzito inayoungua polepole. Alama yake nyingine ni sauti: motere inalia kwa nguvu, kamyo haiendi. Inakuja wakati shofere anaishikilia kamyo kwenye mlima na pedali nusu-nusu, ao anajitoa kwenye matope. Ikinuka mara moja baada ya kazi ngumu na harufu ikaisha, si msiba. Ikinuka kwenye njia ya sawasawa, na mzigo kidogo, diski imechoka na siku zake zinahesabika.

Mbele ya kumlaumu shofere, wanamemba wajiangalie. Tumesimama mara nyingi mahali pa kupakia, tukaona namna inavyoenda: komite imepanga idadi ya mifuko, kamyo imejaa, na kila mutu anakuja na "kafuko kamoja tu ka mwisho". Tufuko twa mwisho kumi na tano ni ambriyaji moja. Na ambriyaji inalipwa na kese ya wote, hata ya wale ambao hawakuongeza kitu.

Kwenye kupanda kulekule, motere inaweza kupata joto. Hapa pua inaweza kudanganya, musikilize vizuri. Kama ndani ya radiatere kuko ile dawa ya rangi inayouzwa madukani, ikivuja utasikia harufu tamu, kama bombo iliyoyeyuka. Wakati mwingine inaingia hata ndani ya kabini na kuacha ukungu wa mafuta kwenye kioo. Dawa hii ni sumu, na ni tamu, ndiyo ubaya wake: mtoto, mbwa ao mbuzi atailamba. Ikidondoka kwenye kiwanja, mwageni udongo juu na kuutoa, na chupa zake zisibaki za kuwekea mafuta ya kula. Lakini wengi wetu tunatia maji ya mto tu. Maji hayana harufu. Kamyo ya maji matupu inaweza kukauka bila kukuambia neno, mpaka mvuke utoke ao motere ianze kunuka chuma cha moto, na pale mmechelewa. Kwa hiyo yule anayetumia maji asitegemee pua. Aangalie radiatere kila asubuhi motere ikiwa baridi.

Mashofere waliuliza kwa nini maji yanachemka haraka zaidi juu kuliko uwandani. Si uchawi wa Ngomo. Kadiri unavyopanda, hewa inapunguza uzito wake, na maji yanachemka mapema: kando ya bahari ni digri 100, kwenye mita 1500 ni karibu 95. Kifuniko cha radiatere njo kinashikilia nguvu ndani ili yasichemke. Kifuniko kilichochoka, kilichofungwa na kipande cha mfuko wa plastiki kama tulivyoona, hakishikilii kitu. Kununua kifuniko ni bei ndogo kuliko motere. Na mutu asikifungue kikiwa na moto. Maji yatamrukia usoni.

Harufu ya mafuta ya motere yanayoungua, mama waliitambua mbele ya wanaume: "Ni kama mawese iliyosahauliwa jikoni." Ni vile kabisa. Mafuta yanavuja mahali fulani na kudondoka kwenye bomba la moshi. Mara nyingi ni jwe lililochoka ao kifuniko kilichofungwa vibaya baada ya kuongeza mafuta. Ikiwa kidogo, si ya kusimamisha safari, lakini ni ya kutafuta jioni ileile, kwa sababu mafuta kwenye chuma cha moto yanaweza kuwaka. Njia rahisi: lazeni karatoni chini ya kamyo usiku. Asubuhi doa litawaonyesha mahali na rangi.

Mpira unaoungua, kila mutu anaujua. Ikiwa mbele, chini ya kapo, mara nyingi ni mkanda wa motere unaoteleza, nao utalia pia kama nguruwe mdogo. Ikiwa nyuma, angalieni mipira miwili-miwili. Hapa kuko mtego. Mmoja kati ya miwili ukikosa hewa, ule mwingine unaubeba, kamyo inabaki imesimama sawa, na shofere haoni kitu. Ule usio na hewa unajikunja na kusuguana na mwenzake mpaka unashika moto. Kamyo zimeungua namna hiyo, mzigo wote. Motaboyi agonge kila mpira na nyundo ao fimbo mbele ya safari. Wenye hewa unalia tofauti na usio na hewa. Atoe pia mawe yanayokwama katikati ya mipira miwili.

Plastiki inayoungua ni waya za umeme. Hii haina mazungumzo: simama, zima, toa waya wa batri, watu washuke. Mara nyingi chanzo chake ni sisi wenyewe. Fuzible, ile kawaya ndogo inayokatika kusudi ili kulinda nyingine, ikikatika, mutu anaweka kipande cha waya mnene mahali pake ili radio iimbe na simu zichajiwe. Tangu siku ile hakuna kitu tena cha kukatika isipokuwa kamyo yenyewe. Kama moto umeanza kwenye waya, tumieni mchanga ao kizima-moto, si maji.

Yai lililooza, kwa kamyo zetu za zamani, ni batri. Inachajiwa kupita kiasi, asidi inachemka ndani. Mara nyingi kosa si la batri bali la kile kinachoichaji, kwa hiyo kununua batri nyingine hakutaponya kitu. Pamoja na harufu ile kunatoka hewa nyingine isiyonuka, ambayo inalipuka. Hakuna sigara, hakuna kibiriti cha kuchungulia, na mutu asitoe waya motere ikiwa bado inazunguka.

Mazutu na esanse tuliviacha mwisho kwa sababu vinagusa mavuno yetu moja kwa moja. Esanse ni hatari ya moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na jiko ao sigara ya mutu aliye mbali. Bidoni ya esanse ya pikipiki haina nafasi juu ya kamyo yenye watu. Tunajua bado inafanyika. Mazutu haishiki moto upesi vile, lakini inaua bei. Mchele, unga na zaidi kahawa vinavuta harufu kama nguo inavyovuta moshi. Wenzetu wa kahawa kule Kalehe na Idjwi wanalijua hili: kahawa ya parche iliyofuliwa vizuri, ikaanikwa vizuri kwenye meza, ikisafiri pamoja na bidoni ya mazutu, ndani ya kamyo ao ndani ya boti, anayeonja kikombe kule inakonunuliwa ataisikia mazutu, na mzigo utarudishwa ao utalipwa bei ya kahawa mbaya. Kazi ya msimu mzima inapotea kwa safari ya siku moja. Hakuna kuosha wala kuanika tena kunakoiponya.

Kwa hiyo mbele ya kupakia, mutu aingie ndani ya kamyo tupu, afunge turubai juu yake, avute pumzi. Kama anasikia mazutu, samaki, sabuni ao dawa ya wadudu, isafishwe na ikauke mbele ya mfuko wa kwanza kuingia. Dawa ya wadudu hasa: isibebwe pamoja na chakula hata mara moja, hata ikiwa imefungwa. Hapo si bei tu, ni tumbo la mutu.

Kuna harufu moja ambayo tulikuwa tunaikubali wote, nayo ni moshi wa kamyo unaoingia kabini ao chini ya turubai. Tunafunika pua na kitenge na safari inaendelea. Lakini ndani ya moshi ule kuko gazi isiyo na harufu, isiyo na rangi, inayochukua nafasi ya hewa ndani ya damu. Harufu ya moshi ni shahidi tu. Muuaji mwenyewe hanuki. Kichwa kinauma, mutu anasikia usingizi na kichefuchefu, anafikiri ni uchovu wa safari. Mtoto aliyelala chini ya turubai karibu na bomba lililotoboka hataamshwa na kitu. Akionekana amelegea, ashushwe upesi kwenye hewa safi na apelekwe kituo cha afya, hata kama anafungua macho. Na shofere anayelala kabini usiku juu ya baridi ya Bukavu asiache motere ikizunguka. Bomba lililotoboka linachomelewa siku moja. Kati ya matengenezo yote tuliyotaja hapa, hili na freni njo tusingependa kusikia kwamba vinangoja pesa.

Baada ya mazungumzo yale chini ya mwembe, komite ilirudi kwenye neno la yule mzee: nani anasimamisha? Shofere wa kamyo aliomba kusema. Alisema kwamba akisimama njiani analaumiwa kwamba tomati zimeoza, na asiposimama, siku moja atalaumiwa na watu waliokufa. Hata siku ile, alisema, alisikia harufu mbele ya mama kugonga. Alikuwa anafikiria walinzi, saa, na maneno ya kesho. Mkutano ulinyamaza kidogo. Sisi tuliokaa karibu naye mbele tulinyamaza zaidi.

Walipanga hivi. Yeyote aliye juu ya kamyo, mama, kijana, mgeni, akisikia harufu asiyoijua agonge mara tatu, na shofere atasimama mahali pazuri pa kwanza. Hakuna atakayelipishwa kwa kugonga, hata kama haikuonekana kitu. Hasara ya kuchelewa inaingia kwenye kese ya wote, si kwenye mshahara wa shofere wala kwenye tomati za aliyegonga. Mama mtunza kese aliongeza kwamba kila mfuko unaopanda kamyo utoe franga kidogo za matengenezo, na hilo lilibishaniwa kuliko mengine yote, mpaka lilipita kwa mikono michache zaidi. Mzee wetu alipiga kura ya kukataa franga na ya kukubali kugonga.

Wameweka pia daftari ndani ya kabini. Ndani yake wanaandika: tulikuwa tunapanda ao tunashuka, harufu ilitoka upande gani, ilifanana na nini, motere ilikuwa na joto ao baridi, mekanisye alikuta nini. Mekanisye mmoja alituambia kwamba ukurasa kama ule unampunguzia nusu ya siku ya kutafuta, kwa sababu kamyo ikifika kwake imekwisha kupoa na harufu imekwenda. Kwa asiyejua kuandika, motaboyi anaandika. Yule mama wa Ngomo njo ameandikisha mistari mingi kuliko wote. Mara mbili haikuonekana kitu. Mara moja ulikuwa mpira wa ndani usio na hewa.

Tulipopita kwao mara ya mwisho tuliomba kusoma daftari. Mstari wa mwisho ulisema: "Mazutu, asubuhi tu, motere baridi, upande wa kulia, ikianza kutembea inaisha." Chini ya kamyo kulikuwa karatoni na doa dogo, na mekanisye alikuwa amelala chali na tochi mdomoni, bado anatafuta. Mifuko ya mchele ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, mbali na kamyo. Shofere alisema haitapakiwa mpaka pale atakapoonyeshwa inakotoka.